Kupika Mbavu za Nguruwe kwa Moshi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vipimo vyote vya joto katika ukurasa huu ni vya Selsiasi. Neno «safu» linamaanisha kipande kizima cha mbavu zilizoshikamana, kabla ya kukatwa mmoja mmoja.

## Mambo ya msingi

Kupika kwa moshi kunatofautiana vipi na kuchoma?

Nyama ya kuchoma hukaa juu ya makaa yenyewe, hupigwa na joto kali linalopita nyuzijoto 200 kwa urahisi, na huiva kwa dakika chache. Nyama ya moshi huwekwa kando ya moto, ndani ya chombo kilichofunikwa, ambamo hewa ya moto iliyochanganyika na moshi huizunguka kwa saa kadhaa katika nyuzijoto 107 hadi 135. Kwa mnofu laini njia ya kwanza inatosha. Kwa mbavu haitoshi, kwa sababu iliyoelezwa katika jibu linalofuata.

Ni nini hasa kinachozifanya mbavu ziwe laini?

Ni muda, ukiwa pamoja na joto la wastani. Nyama iliyo katikati ya mifupa ya mbavu imejaa kolajeni, protini ngumu inayoshikanisha misuli na mifupa. Kolajeni huanza kuyeyuka na kugeuka jelatini nyama inapokaribia nyuzijoto 70, lakini hufanya hivyo polepole sana, na kazi hiyo hukamilika vizuri nyama ikiwa kati ya nyuzijoto 90 na 96.

Hapo ndipo wengi wanapopotoka. Mbavu zilizofika nyuzijoto 75 ni salama kuliwa, lakini ziko katika hali yake mbaya kuliko zote: sehemu ya maji yake imekwisha kukamuliwa na joto, ilhali kolajeni bado haijayeyuka kufidia upungufu huo. Mpishi akionja huona ugumu na ukavu, akadhani amezipitiliza, na kumbe alitakiwa kuziacha motoni kwa saa nyingine moja au mbili. Moshi wenyewe haulainishi chochote. Ni kiungo kama pilipili. Siki na ndimu nazo hupenya milimita chache tu, kwa hiyo kuloweka nyama usiku kucha hubadilisha ladha ya juu bila kugusa ugumu wa ndani.

Inachukua muda gani?

Katika nyuzijoto 110 hadi 120, mbavu za mgongoni huchukua saa 4 hadi 5, na mbavu za upande wa tumbo saa 5 hadi 6. Hayo ni makadirio ya kukusaidia kupanga siku, wala si ahadi. Unene wa nyama, upepo na idadi ya mara ulizofunua kifuniko vyote huongeza muda. Dalili za kuiva zimeelezwa katika swali la «Nitajuaje kuwa zimeiva?», na hizo ndizo zinazopaswa kuaminiwa kuliko saa.

Je, ni lazima ninunue jiko maalumu la moshi?

Hapana. Jiko lolote la mkaa lenye kifuniko, nafasi ya kutenga moto upande mmoja, na matundu ya hewa yanayofungika chini na juu linatosha. Majiko ya umeme au gesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya moshi hupunguza usumbufu wa kulinda moto, na kwa anayepika mara nyingi hilo ni jambo la maana, lakini hayana siri ambayo jiko la mkaa halina.

## Kuchagua na kuandaa nyama

Ninunue mbavu za aina gani?

Zipo aina mbili kuu. Mbavu za mgongoni hutoka karibu na uti wa mgongo. Ni fupi, zimepinda, zina nyama laini na mafuta machache, na safu moja huwa na uzito wa kilo moja hivi au pungufu. Mbavu za tumboni hutoka upande wa chini wa mnyama; ni ndefu, bapa, zina mafuta na kolajeni nyingi, na safu moja inaweza kukaribia kilo 2. Baadhi ya wauzaji huziuza zikiwa zimeondolewa mfupa wa kidari na gegedu zake, hata safu ikabaki na umbo la mstatili linaloiva kwa usawa.

Kwa anayeanza, ningependekeza mbavu za tumboni. Mafuta yake husamehe makosa ya joto, na mwisho wake huwa na ladha nzito zaidi. Kwa aina yoyote, tafuta safu ambayo nyama yake imefunika mifupa vizuri; mahali ambapo mfupa unaonekana wazi kwa juu pamekatwa kwa pupa, na hapo patakauka.

Utando ulio nyuma ya mbavu unaondolewaje, na je, ni lazima?

Upande wa ndani wa safu, ule uliopinda kuelekea tumboni, una utando mwembamba, mweupe na wenye kung'aa, ambao hauyeyuki katika joto la kupikia. Ukiachwa, hukauka ukawa kama karatasi ngumu na huzuia viungo na moshi kufika kwenye nyama ya upande huo.

Geuza safu ili mifupa iwe juu. Chagua mfupa wa pili au wa tatu kutoka ukingoni, kisha ingiza mpini wa kijiko kati ya utando na mfupa huo. Mpini ni bora kuliko ncha ya kisu, kwa sababu hautoboi. Ukishaingia, unyanyue taratibu mpaka utando uinuke na kuacha nafasi ya kidole. Hapo shika utando kwa karatasi kavu ya jikoni, kwa kuwa kwa vidole vitupu utateleza, na uvute kuelekea upande wa pili bila kukatisha. Mara nyingi hutoka wote kwa mkupuo mmoja. Ukikatika, anza upya pale ulipokatikia. Utando ukigoma kabisa, uchanje kwa kisu katika mistari inayokatizana. Si sawa na kuuondoa, lakini inasaidia.

Chumvi na viungo viwekwe kiasi gani, na lini?

Chumvi ndiyo pekee inayopenya ndani, hivyo inastahili kutangulia. Kiasi cha gramu 8 kwa kila kilo ya mbavu, ikiwemo mifupa, kinatosha. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai na robo cha chumvi laini. Ipake saa chache kabla ya kupika, au usiku wa kuamkia siku hiyo, na uiweke nyama kwenye friji. Soma kwanza lebo ya pakiti, kwani baadhi ya nyama huuzwa ikiwa imedungwa maji ya chumvi kiwandani. Hiyo isiongezwe chumvi, au iongezwe kidogo tu.

Viungo vingine hukaa juu, kwa hiyo vinaweza kupakwa dakika chache kabla ya moto: paprika kwa rangi, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, pilipili kali kwa anayeipenda, na sukari ya kahawia. Sukari haina shida katika nyuzijoto 120, lakini huungua haraka na kuwa chungu nyama ikikaa juu ya moto wenyewe. Haradali inayopakwa kabla ya viungo kazi yake ni kuvigandisha tu. Ladha yake karibu yote hupotea.

Je, nizichemshe kwanza ili zilainike?

Nisingeshauri. Kuchemsha hulainisha kweli, ila sehemu kubwa ya ladha hubaki majini, na nyama hufika kwenye moshi ikiwa imekwisha kuiva. Ikiwa tatizo lako ni muda, njia iliyo katika jibu la kumalizia kwenye oveni inakupa ulaini uleule bila hasara hiyo.

Naweza kupika mbavu zikiwa bado zimeganda?

Hapana. Katika joto la chini namna hii, nyama iliyoganda hukaa muda mrefu mno katika kiwango ambacho bakteria huzaliana. Ziyeyushe ndani ya friji kwa saa 24 hivi, kisha uzikaushe kwa karatasi. Nyama iliyotoka friji moja kwa moja, ikiwa baridi lakini haijaganda, ni nzuri zaidi kwa kazi hii, kwa sababu moshi hushika vyema juu ya uso wa baridi wenye unyevu.

## Moto, kuni na moshi

Nipange vipi mkaa ili joto likae chini kwa saa nyingi?

Njia rahisi katika jiko la duara ni kupanga mkaa wa briketi (vipande vya mkaa uliosagwa na kushindiliwa vikawa na umbo moja) kwa mstari uliopinda kufuata ukuta wa jiko, vipande viwili kwa upana na viwili kwa kimo, mpaka ufike zaidi kidogo ya nusu ya mzunguko. Juu ya mstari huo panga vipande vichache vya kuni kavu, vikiachana. Washa briketi 6 hadi 8 pembeni, na zikishakuwa na jivu jeupe ziweke kwenye ncha moja ya mstari. Moto utatembea polepole kutoka ncha hiyo hadi nyingine. Nyama hukaa upande usio na mkaa.

Joto huongozwa kwa tundu la hewa la chini: ukilifungua moto hukua, ukilibana hupungua. Tundu la kwenye kifuniko liache wazi angalau nusu na ulielekeze juu ya nyama, ili moshi upite hapo ukitoka. Kila badiliko lipe dakika 10 hadi 15 kabla ya kufanya jingine. Wanaoanza huhangaika na matundu kila dakika, na jiko haliwahi kutulia. Kumbuka pia kuwa kushusha joto lililopanda sana ni kazi ngumu kuliko kupandisha lililo chini, kwa hiyo anza kubana nyuzijoto 15 hivi kabla ya kufika unapotaka.

Kuni zipi zinafaa, na zipi ni hatari?

Tumia kuni kavu za miti migumu isiyo na utomvu wa gundi: mwaloni, hikori, na miti ya matunda kama mtufaha, mcheri, mpera na mchungwa. Hikori ina moshi mzito. Miti ya matunda ina moshi mwepesi ambao ni vigumu kuuzidisha. Vipande vitatu au vinne vya ukubwa wa ngumi vinatosha kwa safu mbili.

Usitumie msonobari wala jamii yake, kwa kuwa utomvu wake hutoa masizi na uchungu. Mabaki ya ujenzi, mbao zilizopakwa rangi au dawa, na mbao za kubandikwa kwa gundi hazifai kabisa, kwani moshi wake una sumu. Mti usioujua jina uache.

Je, kuni zilowekwe kwanza?

Hakuna haja. Maji hupenya juujuu tu, na kinachotoka mwanzoni ni mvuke wa kuyakausha. Moshi hucheleweshwa bila kuboreshwa.

Kwa nini mbavu zangu zina uchungu, kana kwamba zimepakwa masizi?

Moto wako ulikosa hewa. Kuni zinazofuka bila oksijeni ya kutosha hutoa moshi mzito mweupe au wa kijivu uliojaa mabaki yasiyoungua, na mabaki hayo hugandia nyama. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, karibu hauonekani, wenye rangi ya samawati unapoutazama dhidi ya kitu cheusi. Subiri moshi mzito wa mwanzo uishe kabla ya kuweka nyama, na joto likipanda, punguza mkaa badala ya kulinyima jiko hewa yote.

Sababu ya pili ni moshi wa muda mrefu kupita kiasi. Saa 2 hadi 3 za kuni zinatosha. Baada ya hapo makaa peke yake yaendelee.

Trei ya maji ina faida?

Ndiyo, hasa kwenye jiko dogo. Maji hayapiti nyuzijoto 100 yanapochemka, kwa hiyo hufyonza joto la ziada na kutuliza jiko. Pia huongeza unyevu hewani, na trei ikiwa chini ya nyama hudaka mafuta yanayodondoka. Yaongeze yakipungua, yakiwa ya moto.

Kipimajoto cha kwenye kifuniko kinatosha?

Hakitoshi. Hupima hewa ya juu ya jiko, ambayo inaweza kutofautiana sana na ile iliyo kwenye wavu. Kipimajoto cha waya chenye kichwa kinachowekwa sentimita chache kutoka kwenye nyama ndicho kifaa cha kwanza ambacho ningenunua, kabla ya jiko zuri.

## Wakati wa kupika

Utaratibu wa 3-2-1 ni upi, na je, niufuate?

Ni saa 3 za moshi nyama ikiwa wazi, saa 2 ikiwa imefungwa kwenye foili pamoja na majimaji kidogo, na saa 1 ya mwisho ikiwa wazi tena na kupakwa sosi. Uliwekwa kwa ajili ya mbavu za tumboni, na kwa hizo hutoa nyama laini sana. Kwa mbavu za mgongoni ni mwingi mno. Wengi hupunguza hadi 2-2-1, na mimi ningepunguza hata zile saa za foili zikawa moja. Majimaji ya ndani ya foili yasizidi vijiko vitatu vya mezani, ama yawe maji, ama juisi ya tufaha, ama siki iliyozimuliwa. Yakizidi, nyama huchemka, na ganda la viungo lililojengeka kwa saa tatu huyeyuka likawa uji.

Joto la nyama limekwama kwa muda mrefu. Je, moto umezimika?

Huenda haujazimika. Kati ya nyuzijoto 65 na 75 hivi, maji yanayotoka kwenye uso wa nyama huipoza kwa kiasi kinachokaribia joto inayopokea. Subiri, au ifunge kwa foili, ambayo huzuia maji kuvukizwa na kuharakisha safari. Usiongeze moto kwa hasira.

Je, ninyunyizie maji au siki kila mara?

Kunyunyizia kila baada ya dakika 45 hadi 60, kuanzia saa ya pili, huzuia kingo zisikauke na husaidia moshi kushika. Zaidi ya hapo ni kufungua kifuniko bila sababu.

Sosi ipakwe lini?

Dakika 20 hadi 30 za mwisho. Sosi nyingi zina sukari, na ikipakwa mapema huwa nyeusi kabla nyama haijalainika. Ipake kwa brashi, tabaka nyembamba mbili, na uache ya kwanza ikauke.

Nitajuaje kuwa zimeiva?

Nyanyua safu kwa koleo, ukiishika kwenye theluthi moja ya urefu wake, na uitikise kidogo. Iliyoiva hupinda kwa uzito wake wenyewe mpaka uso wa nyama uanze kupasuka pale inapopinda. Ambayo bado hubaki imenyooka. Pili, choma kijiti cha meno kati ya mifupa miwili: kipite bila kugomewa. Tatu, nyama iwe imejivuta na kuacha ncha za mifupa wazi kwa nusu sentimita hadi sentimita moja, ingawa dalili hii peke yake hudanganya, kwani joto kali huivuta nyama mapema.

Kipimajoto husaidia, ila nafasi kati ya mifupa ni finyu, na ncha yake ikigusa mfupa hutoa jibu la uongo.

Je, nyama inatakiwa kuanguka yenyewe kutoka mfupani?

Ni suala la upendeleo. Katika mashindano ya upishi huu hali hiyo huhesabiwa kuwa kupitiliza. Kinachotakiwa ni nyama inayoachia mfupa pale ulipouma tu, na alama ya meno ikabaki. Kama nyumbani mnapenda inayoanguka, ongezeni nusu saa ndani ya foili.

## Usalama na hali za pekee

Mbavu zimeiva lakini zina rangi ya waridi chini ya ganda. Ni mbichi?

Sivyo. Gesi za naitriki oksaidi na kaboni monoksaidi kutoka motoni huungana na mioglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, na kuifungia rangi ya waridi. Rangi hiyo, inayoonekana kama pete nyama ikikatwa, haina ladha, wala si kipimo cha ubichi.

Vipi kuhusu minyoo ya nguruwe?

Tegu na trikinela hufa kwa kupikwa. Kiwango cha usalama kinachotolewa na mamlaka ya chakula ya Marekani kwa vipande vizima vya nguruwe ni nyuzijoto 63, kisha nyama ipumzike dakika 3. Mbavu laini hupita hapo kwa mbali. Hatari iliyobaki ni ya mikono, visu na mbao za kukatia zilizogusa nyama mbichi. Osha vyote kwa sabuni, na koleo lililowekea nyama mbichi lisitumike kuipakulia ikiiva.

Naweza kupika ndani ya nyumba au gereji mvua ikinyesha?

Kamwe usitumie mkaa ndani, hata milango ikiwa wazi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua. Mvua na upepo vikizidi, weka jiko mahali pa wazi palipokingwa upande mmoja, mbali na kuta na vitu vinavyowaka, na utarajie kutumia mkaa zaidi. Tatizo likiwa ni muda au hali ya hewa, tazama jibu linalofuata.

Naweza kuanza kwa moshi na kumalizia kwenye oveni?

Ndiyo, na hakuna cha kuonea haya. Baada ya saa 2 au 3 za moshi nyama imekwisha kuchukua sehemu kubwa ya ladha itakayochukua. Ifunge kwa foili, iweke kwenye oveni ya nyuzijoto 120, na uipime kwa dalili zilezile za kuiva.

Je, moshi huihifadhi nyama isiharibike?

Moshi huu hauihifadhi. Nyama inayodumu kwa moshi hutiwa chumvi nyingi na kukaushwa. Mbavu hizi ni chakula kilichopikwa, chenye unyevu. Ziingize kwenye friji ndani ya saa 2, au ndani ya saa 1 joto la hewa likipita nyuzijoto 32. Hukaa siku 3 hadi 4. Zipashe zikiwa zimefungwa kwa foili na maji kijiko kimoja, katika oveni ya nyuzijoto 120, mpaka ndani zifike 74.

Je, nyama ya moshi ni hatari kwa afya?

Mwaka 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa, ikiwemo ya moshi, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ulaji wa kila siku ndio unaotia wasiwasi zaidi. Kwa upande wa mpishi, mafuta yanayodondokea makaa ni chanzo kimoja cha kemikali zinazolaumiwa, kwa hiyo kuweka nyama kando ya moto, kutumia trei ya kudaka mafuta na kuepuka moshi mzito hupunguza kiasi chake bila kukiondoa.

Njia hii inafaa kwa mbavu za ng'ombe au kondoo?

Inafaa. Za ng'ombe ni nene na huhitaji saa 6 hadi 8, mara nyingi zaidi ya nyuzijoto 95 ndani. Za kondoo ni ndogo, zina mafuta mengi, na huwa tayari mapema. Zipunguze mafuta ya juu kabla ya kuanza.

Zimetoka ngumu, na wageni wamekaa mezani. Kuna la kufanya?

Kama ni ngumu na bado zinakataa kijiti, hazijaiva. Zifunge kwa foili mbili pamoja na vijiko vitatu vya maji, oveni iwe nyuzijoto 150, na uzikague kila baada ya dakika 20. Kama ni kavu, na kijiti kinapita bila shida, basi zimepitiliza, na hakuna moto utakaorudisha maji yake. Ichambue nyama kutoka mifupani, ichanganye na sosi ya moto iliyozimuliwa kwa siki, na uipakue hivyo.